Kiingereza na Tamaa ya Maneno Makubwa



Katika miji yetu vijana wengi wameshika kujifunza Kiingereza, wala si ajabu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo lugha hiyo inatumika sana maofisini na mikutanoni. Wafanyabiashara wa Bunia, Goma na Bukavu wanakwenda Kampala. Wale wa Lubumbashi wanapita Kasumbalesa na kuingia Zambia, na huko kazi za serikali zinafanywa kwa Kiingereza. Kujifunza ni jambo jema. Lakini kuna tamaa moja inayowashika wanafunzi wengi mara wanapomaliza masomo ya kwanza, nayo ni tamaa ya maneno makubwa. Wanatafuta maneno marefu na ya ajabu, ambayo jirani hayajui, wakidhani kwamba hayo ndiyo Kiingereza chenyewe. Leo twataka kuipima tamaa hiyo, pamoja na kitabu kimoja maarufu kinachoilisha.

Kitabu na sifa zake

Kitabu hicho chaitwa Word Power Made Easy. Aliyekiandika ni Norman Lewis, mwalimu wa Marekani, nacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1949. Kimepigwa chapa tena na tena, na hata leo kinanunuliwa na watu wengi wanaojifunza Kiingereza.

Tukiseme kwa haki, maana kuhukumu bila kusifu kinachostahili sifa ni uonevu. Kwanza, Lewis hakuyamwaga maneno mbele ya msomaji kama mtu amwagaye mahindi uani. Ameyapanga kwa mambo: sura moja ni ya tabia za watu, nyingine ya waganga wa kila namna, nyingine ya waongo. Pili, anafundisha shina kabla ya matawi. Anaonyesha kwamba neno moja la Kigiriki lenye maana ya kuchukia limezaa “misanthrope”, yaani achukiaye watu, na “misogynist”, achukiaye wanawake, na “misogamist”, achukiaye ndoa. Aliyeshika shina hupata matawi bila kusumbuka. Tatu, hamwachi mwanafunzi asinzie. Anamtaka atamke kwa sauti, anamjaribu, na baada ya kurasa chache anamjaribu tena. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa kweli, na walimu wetu wanaweza kumwiga bila aibu.

Dawa na mgonjwa wake

Hata hivyo, dawa njema hutolewa kwa mgonjwa wake. Lewis aliwaandikia Wamarekani. Hao wamekinyonya Kiingereza pamoja na maziwa ya mama; maneno mafupi ya nyumbani, ya jikoni na ya barabarani wanayo tangu utoto. Walichokosa ni maneno marefu yaliyotoka Kilatini na Kigiriki, na hayo ndiyo Lewis anawapa. Sisi tuliosoma shule kwa Kifaransa, hali yetu ni kinyume.

Tazameni ile sura ya waongo. Lewis anataja maneno kumi ya kueleza namna zao. Mwongo ajulikanaye na wote ni “notorious”. Aliye fundi wa uongo ni “consummate”. Asiyeweza kuongoka ni “incorrigible”. Aliyezoea tangu zamani ni “inveterate”. Aliyezaliwa nao ni “congenital”. Asiyepumzika ni “chronic”. Ambaye uongo wake umekuwa ugonjwa ni “pathological”. Mmarekani anatoka jasho kuyashika. Lakini kijana aliyemaliza shule ya sekondari ya Bukavu atacheka, maana anayajua tayari: “notoire”, “consommé”, “incorrigible”, “invétéré”, “congénital”, “chronique”, “pathologique”. Saba kati ya kumi ni ndugu wa maneno aliyoyasikia darasani. Ametoa fedha akauziwa mbuzi wake mwenyewe.

Na katika yale matatu yaliyobaki limo neno moja fupi, “glib”. Huyo ni mwongo mwenye ulimi laini. Maneno yanamtoka kama mafuta, hakwami, haoni haya, nawe unamwamini kabla hujafikiri. Hilo Kifaransa cha shuleni hakikutupa. Katika maneno kumi, lile lenye herufi nne ndilo lingemfaa zaidi msomaji wetu, nalo ni la tisa katika orodha, mahali ambapo mwanafunzi amekwisha kuchoka.

Nyumba yenye ghala mbili

Sababu ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari akaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi walisema Kifaransa, na watu wa chini wakabaki na lugha yao. Ndiyo maana mnyama akiwa malishoni ana jina la mchungaji, “ox” au “sheep”, lakini akifika mezani ana jina la bwana, “beef” au “mutton”, ambayo sisi twayatambua mara moja kuwa “boeuf” na “mouton”. Baadaye wataalamu wakaongeza maneno ya Kilatini na ya Kigiriki. Basi Kiingereza ni nyumba yenye ghala mbili: moja ina maneno ya wenyeji, na mengi yao ni mafupi, nyingine ina maneno yaliyotoka ng'ambo, na mengi yao ni marefu.

Mara nyingi ghala zote mbili zina neno kwa jambo moja, lakini uzito wao si mmoja. Kuuliza ni “ask”. Hivyo ndivyo mtoto anavyomwuliza mama yake. “Question” ni kuuliza kwa mashaka, kama askari anayemshuku mtu. “Interrogate” ni kumhoji mfungwa. Kijana atakayetumia neno hilo la tatu kueleza kwamba amemwuliza padri saa ya misa, amekwisha kumtia padri kifungoni.

Ndugu wa uongo

Ghala ya pili inatufungukia kwa urahisi, lakini mlangoni pake wamesimama wadanganyifu. Ni maneno yenye sura ya Kifaransa na moyo mwingine. Mfikirini mjane mmoja anayemwandikia mfadhili Mwingereza, akimwomba msaada wa karo ya mwanawe. Kwa Kifaransa kuomba ni “demander”, basi anaandika “I demand”. Mfadhili anasoma: nadai, natoa sharti. Mjane anataka kusema kwamba hakuwa na habari ya barua iliyotangulia. Kutojua ni “ignorer”, basi anaandika “I ignored your letter”. Mfadhili anasoma: barua yako niliiona, nikaipuuza. Mjane anataka kutaja huzuni yake kwa kukosa jibu, “déception”. Anaandika “deception”, na neno hilo kwa Kiingereza ni udanganyifu. Mwishoni anasema kwamba pengine, ikiwezekana, atarudisha sehemu ya fedha, “éventuellement”. Anaandika “eventually”, na mfadhili anaelewa kwamba hatimaye atarudisha.

Mistari minne tu, na mama mpole amekuwa mtu wa kudai, mwenye dharau, anayemshtaki mfadhili wake kwa udanganyifu, tena amejifunga deni. Pande zote mbili hapakukosekana nia njema. Ni maneno yaliyowatenga, na mtoto atakosa shule kwa ajili ya maneno.

Juu ya hatari hiyo kitabu cha Lewis hakitusaidii, wala hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa Mmarekani asiyejua Kifaransa hana haja ya onyo hilo. Lakini anayekifundisha kitabu hicho kwetu anapaswa kuliongeza yeye mwenyewe. Mwanafunzi ajifunze kwanza ndugu hao wa uongo ishirini au thelathini, kabla ya kutafuta maneno ya kushangaza watu.

Utajiri wa maneno mafupi

Basi utajiri tunaoukosa uko wapi? Uko katika ghala ya kwanza. Chukueni kazi moja tu, kutazama. Kitabu cha shule kimetupa “look” na “see”, nasi tukaridhika. Kumbe Mwingereza anayo mengine mengi. “Stare” ni kukodoa macho, jambo ambalo mama huwakataza watoto mbele ya wageni. “Glare” ni kukazia macho kwa hasira. “Gaze” ni kutazama kwa kitambo, kwa moyo uliotulia au unaostaajabu, kama mtu atazamavyo ziwa Kivu jioni. “Peep” ni kuchungulia. “Peer” ni kukaza macho kwa shida, kama mzee asomaye bila miwani. “Glance” ni kutupa jicho mara moja. “Glimpse” ni kukiona kitu kwa ghafla, na kabla hujakitambua vizuri kimekwisha kupita.

Au chukueni kutembea. “Stroll” ni kutembea polepole kwa kujiburudisha. “Limp” ni kuchechemea. “Stagger” ni kupepesuka. “Wade” ni kuvuka maji kwa miguu, na kila hatua maji yanakuzuia. “Trudge” ni kwenda kwa miguu mizito, umechoka, mzigo ungali kichwani na njia ingali ndefu. Akina mama wetu wanaotoka shambani saa kumi na mbili jioni hawatembei tu. Neno lao ni hilo.

Hata mambo ya moyoni yanayo maneno yake. “Fret” ni kujisumbua kwa vitu vidogo hata usingizi ukatoroka. “Gloat” ni kufurahia kwa ubaya ushindi wako au anguko la mwenzako. Ni dhambi ambayo wengi tunayo, na kupata jina lake ni mwanzo wa kuitambua. “Linger” ni kukawia mahali kwa sababu moyo haujataka kuondoka, kama watu wanaobaki makaburini baada ya mazishi kwisha.

Maneno haya ni ya kueleza kuliko marefu yote, wala hayamtishi msikilizaji. Muuza samaki wa Kampala anayajua, na profesa anayajua. Yafaa tukumbuke Kiswahili chetu pia. Tunapotaka kulitia neno uhai hatuliongezi urefu. Nguo ni nyeupe pe. Usiku ni giza totoro. Mtoto amelala fofofo. Silabi chache tu, na msikilizaji ameona kwa macho yake.

Mfano wa Agano Jipya la Reims

Mtu atauliza: Je, maneno mageni na marefu ni ya kukataliwa yote? Hapana. Waingereza wakatoliki wenyewe wametuachia mfano mzuri wa kulipima jambo hili.

Katika siku za Malkia Elizabeth wa Kwanza, wakatoliki wa Uingereza waliteswa, na wataalamu wao wengine walikimbilia ng'ambo. Mwaka 1568 William Allen alianzisha chuo cha mapadri huko Douai, na mwaka 1578 chuo kikahamia Reims katika Ufaransa. Huko Gregory Martin, aliyesoma Oxford, alitafsiri Maandiko kutoka Kilatini cha Mtakatifu Yeronimo. Agano Jipya likapigwa chapa Reims mwaka 1582. Martin na wenzake waliogopa kupoteza maana takatifu ya neno, kwa hiyo mahali pengi walilichukua neno la Kilatini lenyewe na kulivika nguo ya Kiingereza. Walijua kwamba msomaji atajikwaa. Basi mwishoni mwa kitabu wakaweka orodha ya maneno magumu pamoja na maelezo yake.

Orodha hiyo ni fundisho kwetu. Baadhi ya maneno yaliyohitaji maelezo mwaka 1582 leo yanasemwa na mtoto wa shule: “cooperate”, yaani kufanya kazi pamoja, “victim”, yaani anayetolewa sadaka au kuumizwa, “advent”, yaani majilio. Mengine yamekufa. Katika barua kwa Wafilipi, pale Mtume Paulo anapofundisha jinsi Kristu alivyojishusha, waliweka “exinanited”. Katika barua kwa Waefeso, pale anapokataza kumhuzunisha Roho Mtakatifu, waliweka “contristate”. Nani asema hivyo leo? Askofu Richard Challoner aliposahihisha tafsiri hiyo kati ya 1749 na 1752, aliyaondoa. Mahali pa la kwanza akaweka “emptied”, mahali pa la pili “grieve”, na kila mkristu akaelewa.

Kwa nini haya yaliishi na yale yakafa? Jibu halimo katika urefu wala katika asili, maana yote yalitoka Kilatini. “Cooperate” na “victim” yalijaza mahali palipokuwa wazi. “Contristate” lilikuja kukaa juu ya kiti ambacho “grieve” lilikuwa limekalia zamani, nalo “grieve” lilikuwa karibu zaidi na moyo wa watu. Neno geni likija na kazi yake mwenyewe, lugha hulipokea kama mgeni mwenye jembe mkononi. Likija kufanya kazi ya mwenye nyumba, siku moja litaondoshwa.

Tena haki yataka tuseme kwamba nia ya Martin ilikuwa njema. Hakutafuta kujionyesha; alikuwa akililinda neno la Mungu, naye aliweka maelezo ili mdogo asiachwe nyuma. Anayetumia neno gumu leo bila kulieleza hana udhuru huo.

Maneno ya kuficha

Kuna neno kubwa la hatari zaidi kuliko lile la majivuno, nalo ni la kuficha. Mwaka 1946 mwandishi Mwingereza George Orwell alitoa makala maarufu juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Alionyesha kwamba wenye nguvu hupenda maneno marefu ya Kilatini kwa sababu yanafunika uovu kama theluji ifunikavyo ardhi. Mfano wake mmoja ni “pacification”: vijiji vinapigwa mabomu, watu wanafukuzwa mashambani, na kazi hiyo inaitwa kuleta amani. Neno hilo wazee wetu walilisikia kwa Kifaransa siku za wakoloni, nao walijua lilivyonuka.

Orwell alishauri kuliacha neno refu popote fupi linapotosha, na kuacha neno geni ikiwa la kila siku lipo. Twakubaliana naye, ila kwa mpaka. Mtu akiishika kanuni yake bila akili, angezikataa hata zile zawadi za Reims zilizoishi. Lakini swali lake linabaki: neno hili linafunua au linafunika? Kwetu si swali la vitabu tu. Mkulima anawekewa mbele karatasi ya shamba lake, imejaa maneno ambayo hakuna aliyemfasiria, akaambiwa atie dole gumba. Aliyeyajua maneno hayo akanyamaza, ameshiriki kumnyang'anya.

Namna ya kuchagua

Basi mwanafunzi akikutana na neno jipya na la ajabu, alipime kwa maswali mawili. La kwanza: linataja kitu ambacho bila hilo ningehitaji sentensi nzima? La pili: yule ninayesema naye atalielewa, au niko tayari kumweleza?

Tujaribu kwa neno “petrichor”. Lilibuniwa mwaka 1964 na wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, kwa kuunganisha neno la Kigiriki la jiwe na jina la damu ya miungu katika hadithi za Wagiriki wa kale. Maana yake ni ile harufu inayotoka ardhini mvua inapoangukia udongo mkavu. Nani katika Katanga asiyeijua harufu hiyo, mvua za kwanza zinapokata miezi ya vumbi? Swali la kwanza neno limelishinda: linataja kitu cha kweli. Swali la pili linatuonya, maana Waingereza wengi wenyewe hawalijui. Liwekeni, basi, kama nguo ya sikukuu: kwa barua kwa rafiki, au kwa insha, pamoja na maelezo mafupi. Sokoni haliuzi kitu.

Njia ya kazi ni rahisi. Mwanafunzi awe na daftari moja. Kila juma aandike maneno matano tu, matatu mafupi ya ghala ya kwanza na mawili ya ghala ya pili. Kando ya kila neno aandike sentensi yake mwenyewe, juu ya mtu anayemjua au kazi aliyoiona. Wala asinakili ile ya kamusi. Neno lililofungwa na uso wa mtu halitoroki. Kisha alitumie kabla juma halijaisha, kwa mdomo au kwa barua. Kitabu cha Lewis akichukue kama msaidizi, ajifunze humo mashina na ule mtindo wake mzuri wa kujaribiwa, lakini asikifanye kuwa bwana.

Maneno matano kwa juma ni zaidi ya mia mbili na hamsini kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Nalo debe tupu, twalijua wote, haliachi kuvuma. Anayefurahia mvumo wa maneno yake bila kutazama kama jirani ameelewa, bado hajaanza kusema. Mtoto wa mjane yule atapelekwa shule na “please” na “ask”, maneno mawili madogo yaliyowekwa mahali pake.